Mbwa wangu ananitosha, kikundi cha nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mstaafu wa jeshi, nina miaka 47, nakaa Bombo na mke wangu na watoto watatu. Kiswahili changu ni cha kambini, kwa hiyo nivumilie.

Nilikwenda Somalia mara mbili. Niliyoyaona huko sitaki kuyaandika. Niliporudi mwili ulikuwa mzima, watu wakanipongeza, tukachinja mbuzi. Miezi haikupita mingi usiku ukaanza kunikataa. Naota, napiga kelele, na mara mbili mke wangu ameamka mikono yangu iko shingoni mwake, mimi mwenyewe sijui niko wapi. Akahamia chumba cha watoto. Mchana nao una yake: tairi likipasuka barabarani najikuta nimelala kifudifudi mbele ya duka la watu, nimejifunika kichwa, watoto wa shule wananicheka. Kliniki walinipa dawa na ninazimeza. Zinasaidia, lakini si sana.

Aliyeniokoa ni mbwa. Anaitwa Askari. Ni mbwa wa kienyeji tu, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akiongoza mbwa wa polisi kabla hajastaafu alinisaidia kumfunza, ikatuchukua karibu mwaka mzima. Usiku nikianza kurusha mikono, Askari ananikwaruza begani. Nisipoamka ananilamba uso mpaka niamke. Kwenye foleni anasimama nyuma yangu, mwili wake umegusa miguu yangu, basi najua hakuna anayenijia kwa nyuma. Pumzi ikianza kwenda mbio yeye anajua kabla yangu. Ananisukuma goti kwa pua, halafu anageuka kuelekea mlangoni, namfuata kama kuruta. Mke wangu amerudi chumbani mwaka wa pili sasa.

Ndani ya geti sina tabu. Tabu iko nje. Mwezi uliopita nilikuwa naenda Kampala kwa mambo ya pensheni. Kondakta wa kwanza alicheka akafunga mlango. Wa pili alisema nilipe viti viwili, nikalipa. Tulipofika Matugga mama mmoja akapanda, akamwona Askari chini ya kiti, akapiga kelele ambazo sijazisikia tangu vita. Tukashushwa sisi, pesa haikurudi. Ofisini nilifika nimechelewa, na askari wa mlangoni akasema mbwa afungwe kwenye mti huko nje. Nikaingia peke yangu. Dakika kumi baadaye nilikuwa chooni, nimejifungia, jasho linanitiririka, na nje nasikia jina langu linaitwa, linaitwa tena, halafu linaitwa la mtu mwingine.

Nyumbani pia maneno yapo. Mke wangu ni Mnubi, na baba yake hakanyagi tena kwangu, anasema nyumba imeingia najisi. Halafu kuna mtu alitupa nyama ndani ya ua usiku. Askari amefunzwa asile cha mtu asiyemjua. Kuku wetu wawili hawakufunzwa.

Sasa linaloniandikisha. Mke wangu alipompeleka Askari kwa daktari wa mifugo kuchanjwa, alikutana kwenye foleni na Hajati mmoja wa Kawempe, haoni, na mbwa ndiye anayemwongoza. Wakaongea. Kumbe wako wanne au watano wenye mbwa wa kazi, wanakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nyumbani kwa Hajati: yeye, kijana wa kiti cha magurudumu ambaye mbwa wake humwokotea vitu, fundi cherehani kiziwi, na wengine. Wanachanga shilingi 10,000 kila mwezi. Hajati ametualika, na mke wangu kila siku ni wimbo huo huo: nenda, nenda.

Mimi sitaki. Kwanza mimi si mlemavu, nina mikono na miguu yote. Pili, wale shida zao zinaonekana. Mimi nikiingia pale mzima namna hii watasema huyu anajifanya. Tatu, shida yangu ni siri. Unajua jeshini mtu akisikika kichwa kimechoka anaitwaje. Nne, jeshi lilinifunza kubeba mzigo wangu mwenyewe. Mbwa wangu ananitosha, kikundi cha nini?

Mstaafu, Bombo

*

Marahaba, afande, na pole kwa safari ile ya pensheni.

Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate: nenda. Nenda Jumamosi moja tu, na ukichukia usirudi, hakuna atakayekushitaki.

Sasa niungame jambo. Mimi naogopa mbwa. Niliumwa Jinja nikiwa na miaka saba, kambini kwa baba yangu, na enzi hizo dawa ya kichaa cha mbwa ilikuwa sindano 14 za tumboni, leo moja, kesho nyingine. Mpaka leo mbwa akibweka upande huu wa barabara mimi navuka. Kwa hiyo yule mama wa Matugga uliyemkasirikia, mchukulie kwamba ni mimi. Hakuona mgonjwa na msaidizi wake. Aliona meno. Mbwa anaowajua yeye ni wa aina mbili, anayefungwa getini ili aume wezi na anayezurura jalalani, na wote wawili mtu mwenye akili huwakimbia. Ulitaka ajulie wapi kwamba kuna wa tatu?

Wewe uliposhuka pale, kisa kiliisha. Alifika nyumbani akasimulia kioja alichokiona kwenye taksi, wakacheka, wakala. Lakini fikiria wiki inayofuata akutane na Hajati kwenye taksi nyingine, mbwa amejilaza miguuni, amevaa kizibao cha rangi fulani. Mwezi unaofuata amwone kijana wa kiti sokoni, mbwa wake amevaa kizibao cha rangi ile ile, anaokota noti iliyoanguka. Siku atakapokukuta wewe tena hatapiga kelele. Atavuta mkoba wake pembeni, atanung'unika kidogo kama tunavyonung'unika wote ndani ya taksi, na safari itaendelea. Mbwa mmoja ni kioja, afande. Watano ni kitu ambacho kipo mjini. Kazi hiyo Askari hawezi kukufanyia hata umfunze miaka kumi, na wewe peke yako huiwezi, kwa sababu huwezi kuwa kwenye taksi tano kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye hoja zako. Unasema si mlemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya hapa Uganda, ya mwaka 2020, haihesabu mikono na miguu peke yake. Inataja upungufu wa mwili, wa akili na wa milango ya fahamu, halafu inaongeza kitu ambacho wengi hawakisomi: vikwazo vya mazingira. Maana yake yule askari aliyesema mbwa afungwe kwenye mti ni sehemu ya ulemavu wako wa siku ile. Ukiwa na Askari ulikuwa mzee wa watu anayefuatilia pensheni yake. Walipokutenganisha naye ukawa mtu aliyejifungia chooni. Mwili ni ule ule. Sheria hiyo inakataza ubaguzi katika huduma, na usafiri umo. Pia kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008. Unazitaka nchi ziwarahisishie watu kupata vifaa vya kujisogezea, na vilevile usaidizi wa walio hai, si wa vyuma na magurudumu tu.

Najua unachowaza: kondakta wa Bombo hajasoma mkataba wowote. Kweli. Sheria haipandi taksi. Ndiyo maana inahitaji watu wa kuibeba, na mtu mmoja akimsomea kondakta sheria anaonekana mgomvi. Watano wakienda kwa mwenyekiti wa stegi asubuhi kabla msongamano haujaanza, wamevaa vizuri, mbwa wametulia, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, na vyeti vya chanjo, hao ni ujumbe. Mwenyekiti wa stegi atawatafutia viti. Umekuwa jeshini, unajua tofauti ya askari mmoja aliyepotea njia na doria.

Unasema shida yako haionekani, watakudhania unajifanya. Hilo nimelifikiria sana, kwa sababu si la kijinga. Nikuambie lililotokea Marekani. Mwaka 1928 kijana asiyeona aitwaye Morris Frank alirudi kwao kutoka Ulaya na mbwa wa kumwongoza, akavuka naye barabara ya New York yenye magari mengi huku waandishi wa habari wanamtazama, na mwaka uliofuata shule ya mbwa wa namna hiyo ikaanzishwa. Basi watu wakazoea pole pole: asiyeona na mbwa, haya, apite. Lakini kiziwi mwenye mbwa, mtu wa kiti mwenye mbwa, mtu mwenye shida ya ndani kama yako, hao waliendelea kuulizwa milangoni, wewe macho unayo, mbwa wa nini? Mwaka 1993 wenye mbwa wa aina zote wakaanzisha chama chao wenyewe cha kimataifa, asiyeona na kiziwi na wa kiti kwenye meza moja, si chama cha madaktari wala cha wafunzaji. Wale ambao dunia ilikuwa imeshawazoea walikaa na wale ambao haijawazoea.

Na ndivyo Hajati alivyofanya kwenye foleni ya chanjo. Hakumuuliza mke wako, mume wako ana nini. Alisikia mbwa wa kazi, akawaalika.

Halafu huna haja ya kwenda mbali hadi Marekani. Hapa kwetu, Gulu, kuna mradi uitwao The Comfort Dog Project, yaani Mradi wa Mbwa wa Faraja. Aliyeuanzisha ni Francis Okello Oloya, naye haoni. Bomu lililokuwa limefukiwa ardhini lilimlipukia akilima shambani, akiwa na miaka 12, enzi za vita vya Kony. Amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa shule ya bweni, usiku akitaka kwenda chooni ilikuwa shida kumwamsha mtu kila mara, na walioanza kumsindikiza ni mbwa waliokuwa wanazunguka hapo shuleni. Baadaye akasoma saikolojia, akaanza kuwaunganisha watu walioumizwa na vita na mbwa waliokuwa hawana wenyewe. Watu hao hawapewi mbwa na kuambiwa kwaheri. Wanafunzwa pamoja kwa kipindi, na wakimaliza wengine wanakwenda vijijini na mashuleni kueleza watu namna ya kuishi na mbwa. Wale ni watu wenye ndoto kama zako, afande. Wengine walikuwa upande huu wa bunduki, wengine upande ule. Asiyeona ndiye aliyekaa chini akawafikiria wasiolala, na hakuna aliyemwambia mwingine anajifanya.

Ila uelewe tofauti moja kwa sababu itakusaidia mlangoni. Mbwa wa faraja anakuliwaza kwa kuwepo kwake. Askari anafanya kazi alizofunzwa: anakuamsha, anakulinda mgongo, anakutoa nje. Ukiulizwa, jibu kwa kazi, usijibu kwa ugonjwa. Hapo ndipo siri yako inapolindwa. Huko Marekani sheria inamruhusu mwenye duka kuuliza maswali mawili tu pale ambapo jambo halionekani kwa macho: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya nini? Haruhusiwi kuuliza unaumwa nini wala kudai makaratasi. Hapa kwetu hatuna desturi hiyo, lakini wewe unaweza kuishi nayo hata kwenye kikundi. Hajati akikuuliza, mwambie, "Ananiamsha usiku na ananisimamia nyuma kwenye watu wengi." Basi. Mtu mzima atajua, na hataongeza neno. Ukija kutaka kusema zaidi baada ya mwaka, utasema. Na usipotaka, husemi.

Mzigo wako mwenyewe, unasema. Nina mtoto wa dada yangu niliyemlea, alikuwa na kifafa. Mwaka mzima wa kwanza nilibeba mwenyewe, nikiogopa majirani. Akianguka nilikuwa namtia kijiko mdomoni asiume ulimi, kama nilivyoona wazee wakifanya, na siku moja nikamvunja jino. Hospitali niliyokuwa nikienda walinipa vidonge na tarehe ya kurudi, hawakuniuliza nyumbani nafanyaje. Aliyeniambia ni mama mmoja kwenye benchi pale nje, amevaa leso ya njano, anachambua dagaa kwenye sinia mapajani kwake kana kwamba yuko jikoni kwake. Alisema bila kuniangalia, "Mdomoni usitie kitu, dada. Mlaze ubavu, mwekee nguo chini ya kichwa, hesabu dakika." Sekunde chache tu. Dagaa zikaendelea kudondoka kwenye sinia. Jino la mtoto lingekuwa zima kama ningekaa kwenye benchi lile miezi kumi mapema, lakini nilikuwa nachukua dawa na kuondoka haraka ili nisionekane.

Wewe sasa unajua nini kuhusu Askari? Unajua alichokufunza rafiki yako. Je, amekuonyesha dalili za homa ya kupe kabla fizi hazijawa nyeupe? Umewahi kumkanyagisha lami ya saa saba mchana ukaona anavyoinua miguu? Weka kiganja chako barabarani. Kama wewe huwezi kuvumilia, naye hawezi. Askari ana umri gani? Kwa kawaida mbwa wa kazi hutumika miaka minane hadi kumi, halafu viungo vinachoka. Siku hiyo utaanza upya na mtoto wa mbwa huku usiku umekurudia, au utakuwa umeanza mapema kwa sababu mtu aliyeshapitia alikuambia anza mapema? Ukilazwa hospitali wiki mbili, nani atamtunza bila kumharibu, bila kumrushia vipande vya nyama mezani? Mke wako anaweza. Na mke wako akiwa ndiye amelazwa?

Na kuna jambo ambalo huwezi kuliona mwenyewe hata uwe na macho ya tai. Mbwa akiishi na mtu mmoja, mafunzo yanalegea kidogo kidogo. Leo amenusa mfuko wa mtu, umemsamehe. Kesho amebweka dukani, umesema amechoka. Kile chama nilichokutajia kiliweka kiwango cha chini cha mafunzo kuwa saa 120 zilizogawanywa katika miezi sita au zaidi, na saa 30 kati ya hizo ziwe hadharani, penye watu. Mwaka wako na rafiki wa polisi bila shaka umezidi hapo. Lakini hadharani ni wapi ikiwa unakaa ndani ya geti? Mbele ya Hajati na wenzake Askari ataonekana alivyo, na watakuambia. Bora uambiwe na wao kuliko na kondakta.

Kuhusu baba mkwe. Hapa natembea taratibu, mimi si sheikh. Kwa Mashafi, na ndio wengi wetu Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee hajazua. Lakini dini hiyo hiyo katika Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na mafakihi hao hao wanasema kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Mwaka 2008 huko Leicester, Uingereza, kijana Muislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake baada ya baraza la sheria ya Kiislamu la huko kutoa fatwa. Mbwa akatengewa sehemu yake mlangoni, hakuingia wanaposwalia watu. Mimi nikimpelekea mkweo habari hizi hatanisikiliza. Wewe ndiyo kabisa. Lakini Hajati? Ametoka Makka, anaswali swala tano, na mbwa yuko mlangoni kwake. Yeye amekwishapita njia hiyo: ana chumba gani ambacho mbwa haingii, kanzu ya swala anaitundika wapi, sheikh wake alimwambia nini. Mwombe aje Bombo kunywa chai, mkweo aalikwe, na wewe siku hiyo uwe na shughuli mjini. Wazee wakikutana huwa wanajua kuongea.

Nyama ya sumu sasa, na hapa sitaki mzaha. Kamweleze mwenyekiti wa LC1 kwa maandishi, kuku wawili ni ushahidi. Miji yetu mingi huua mbwa wanaozurura kwa sumu, na majirani wameiga. Askari asilale nje. Mbwa mwenye kizibao, anayejulikana mtaani kwa jina na kwa kazi, ni vigumu kumtegea kuliko "mbwa wa yule mwanajeshi". Mtaa utamjua ukimtembeza.

Pesa. Shilingi 10,000 kwa mwezi ni haki yako kuuliza zinakwenda wapi, tena uulize siku ya kwanza, ukiombe daftari ulione. Nimeona vikundi vingi vikifa kwa mhazini mmoja. Kama wamepangilia vizuri utaona faida haraka: chanjo ya kichaa cha mbwa huwa inakuja pia katika chupa ya dozi kumi, na ikishafunguliwa haikai sana. Mkifika mbwa watano mnamleta daktari wa mifugo nyumbani kwa siku moja, chupa inaisha kwa mbwa wenu na wa majirani, na majirani wanaanza kuwapenda. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, mchague hiyo. Ukiona kikundi kinapokea mtu yeyote aliyemvika kizibao mbwa mkali asiyefunzwa, pinga. Mbwa mmoja wa uongo akimuuma abiria, nyote mtashushwa Matugga. Na wakija watu wa kupiga picha wakitaka mjipange na nyuso za huzuni, hapo una ruhusa yangu ya kuwa mkali kama sajini.

Jumamosi yenyewe. Panda taksi ya asubuhi sana, haijajaa. Mke wako ampigie Hajati kabla, amwambie utakaa mgongo wako ukiwa ukutani na karibu na mlango, na kwamba utakaa nusu saa. Usiingie na Askari moja kwa moja. Mbwa wasiojuana wakikutanishwa uso kwa uso penye nafasi ndogo watagombana, na utarudi nyumbani ukisema nilijua. Waombe watoke nje, mtembee wote upande mmoja wa njia, kamba fupi lakini isiyovutwa, mwanzoni mkiachana hatua ishirini, kisha kumi, mpaka mbwa wachoke kutazamana. Chakula kisiwepo karibu. Maji kila mmoja na chombo chake. Na mbwa wa Hajati akiwa ameshika kazi ya kumwongoza usimguse wala usimwite, hata akikutazama kwa macho ya kuombaomba. Wewe ungependa mtu amwite Askari wakati amekusimamia mgongo?

Dawa za kliniki usiziache kwa sababu umepata wenzio. Na kama hazitoshi kama unavyosema, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, au omba akuandikie uende Butabika, ambayo ndiyo hospitali kuu ya afya ya akili nchini. Mbwa na kikundi na daktari hawagombei nafasi moja.

Kuhusu ile pensheni, utarudi tu, jina lako halijafutwa. Safari hiyo usiende peke yako. Mwombe kijana wa kiti akusindikize na mbwa wake, halafu siku ya shughuli yake wewe umsindikize. Askari wa mlangoni atakuwa na mbwa wawili, vizibao viwili na barua mbili mbele yake, na nina hamu sana ya kujua atataja mti gani.

Na Hajati akikuuliza Jumamosi ni nani aliyekulazimisha kuja, usiseme ni Shangazi. Mtaje mke wako. Ndiye aliyesimama kwenye foleni ile na mbwa ambaye mwanzoni, bila shaka, hakumtaka.

Shangazi